Kiapo cha Askari na Bwana Wetu Mmoja

Somo: Marko 6:14–29



Somo hili twalijua sote. Waalimu wamelifundisha mara nyingi katika madarasa ya ubatizo, na watoto wa shule ya Jumapili waweza kulisimulia. Herode alifanya karamu siku ya kuzaliwa kwake, akawaalika wakuu wake na majemadari na watu wenye cheo wa Galilaya. Binti wa Herodia akaingia, akacheza, akampendeza mfalme. Mfalme akamwahidi kumpa lo lote atakaloomba, hata nusu ya ufalme, akaifunga ahadi yake kwa kiapo. Binti akaenda kumwuliza mama yake, akarudi na neno moja: kichwa cha Yohana Mbatizaji.

Mara nyingi tukihubiri juu ya somo hili twasema habari za Herodia na chuki yake, au habari za ulevi na ngoma. Leo nataka tuwatazame watu wawili tu. Wa kwanza ni Herode mwenyewe. Alihuzunika sana, walakini akaua, kwa sababu ya kiapo chake na kwa sababu ya wale walioketi pamoja naye. Wa pili ni askari ambaye jina lake halikuandikwa. Yeye hakuketi karamuni, wala hakumwahidi binti neno. Aliitwa, akaagizwa, akaenda gerezani, akakata kichwa, akakileta katika sinia.

Na Yohana alikuwa nani kwa askari? Fungueni Luka 3:14. Askari walimwendea kule Yordani wakamwuliza, nao wafanye nini. Yohana hakuwaambia watupe silaha zao na kurudi nyumbani. Aliwakataza kumdhulumu mtu na kumshitaki kwa uongo, akawaambia watosheke na mshahara wao. Yaani aliiheshimu kazi yao, akaiwekea mpaka. Basi yule aliyewaonyesha askari mpaka wa kazi yao aliuawa na askari asiyejua mpaka wo wote ila amri ya bwana wake.

Ndugu, jambo hili latuhusu. Vijana wa sharika zetu huingia jeshini, na kila askari huapa kiapo cha utii. Kabla ya kuondoka, kijana huja kwa mwalimu au kwa mchungaji wake na kuuliza: Je, Mkristo aweza kuapa? Na akiisha kuapa, kisha akaagizwa kutenda dhambi, afanyeje? Mwalimu asiyejua la kumjibu amemwacha kijana aende peke yake mahali pa hatari. Kwa hiyo tujifunze neno hili kwa utaratibu.

Kwanza tusikie mafundisho ya Kanisa letu. Mwaka 1530 wakuu na miji iliyoipokea Injili walimpelekea Kaisari Ungamo lao katika mji wa Augsburg. Kifungu cha 16 chafundisha kwamba Mkristo aweza bila dhambi kushika kazi ya serikali, kutumika kama askari katika vita vya haki, na kuapa pale anapotakiwa na wenye mamlaka. Lakini kifungu hichohicho hakikuishia hapo. Chasema kwamba Wakristo wana wajibu wa kuitii serikali, isipokuwa ikiwaamuru kutenda dhambi. Hapo imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, kama Mitume walivyojibu katika Matendo 5:29.

Martin Luther alikuwa amekwisha kusema neno hilo mwaka 1526, alipomwandikia Assa von Kram, askari aliyesumbuliwa na dhamiri yake. Alimfundisha kwamba kazi ya uaskari yaweza kuwa kazi njema ya kulinda watu. Lakini askari akijua kwa hakika kwamba bwana wake anapigana vita visivyo vya haki, basi amwogope Mungu kuliko mwanadamu, asiende, hata kama atapotewa na mali yake na heshima yake.

Tena Luther alijua habari za viapo katika maisha yake mwenyewe. Mwaka 1505, kijana njiani karibu na Stotternheim, alipigwa na hofu ya radi, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Akaishika kwa bidii miaka mingi. Mwaka 1521 akaandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, akaonyesha kwamba nadhiri iliyo kinyume cha Neno la Mungu haimfungi mtu. Mtu hawezi kumwahidi Mungu jambo ambalo Mungu mwenyewe amelikataza. Kwa neno hilo Herode naye angaliokoka. Watu husema, ahadi ni deni. Nao husema kweli. Lakini Herode alitaka kulipa deni lake kwa damu ya mtu mwingine, na mali hiyo haikuwa yake.

Mafundisho haya mema yalitoka katika nchi ya Ujerumani. Na katika nchi hiyohiyo, miaka mia nne baadaye, watu waliobatizwa na kufundishwa Katekisimo waliyasahau. Nitawaeleza habari zao, si kwa kuwahukumu, bali kwa kuwa sisi nasi tumepokea Katekisimo ileile, na lililowapata wao laweza kutupata sisi.

Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, mkataba wa Versailles uliwaachia Wajerumani jeshi la watu 100,000 tu. Askari wa jeshi hilo waliapa kuwa waaminifu kwa katiba ya nchi, na kulinda dola pamoja na taratibu zake za haki. Mwaka 1933 Adolf Hitler alishika serikali, na kabla mwaka ule haujaisha neno katiba liliondolewa katika kiapo. Hata tarehe 2 Agosti 1934 rais mzee, Paul von Hindenburg, akafa. Siku ileile askari waliitwa katika viwanja vya kambi zao, wakainua mikono, wakaapa kiapo kipya. Waliapa kwa Mungu kwamba watamtii Adolf Hitler, aliyetajwa kwa jina lake, utii usio na masharti, na kwamba wako tayari kutoa maisha yao kwa ajili ya kiapo hicho.

Angalieni kiapo hicho kilivyofanyizwa. Mungu aliitwa awe shahidi. Mahali pa sheria akawekwa mtu mmoja. Na mpaka ukaondolewa kabisa. Ni kama mtu aliyechovya kidole gumba katika wino, akakiweka chini ya karatasi isiyoandikwa neno, kisha akampa mwenzake karatasi ile aandike baadaye apendavyo. Kati yetu hapana mzee mwenye akili ambaye angekubali kutia kidole namna hiyo hata kwa habari ya shamba au ng'ombe mmoja. Walakini watu wale walitia roho zao.

Mwaka huohuo alikuwako mwalimu wa teolojia katika chuo kikuu cha Bonn, jina lake Karl Barth. Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali, yeye naye alitakiwa kuapa. Hakukataa kiapo chote. Alitaka kuongeza maneno machache, kwamba atatii kadiri awezavyo kama Mkristo wa Kiinjili. Maneno hayo machache hayakuvumilika. Akasimamishwa kazi, na mwaka 1935 akarudi kwao Uswisi. Kwa hiyo twajua kwamba mpaka ule haukusahauliwa kwa bahati mbaya. Bwana asiyetaka kusikia habari za Mungu aliye juu yake ndiye aliyeukataa.

Na Kanisa je? Hapa, ndugu, yatupasa kuinamisha vichwa. Mwaka 1938, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwa Hitler, mkuu wa ofisi ya Kanisa la Kiinjili katika Berlin aliamuru kwamba wachungaji nao waape kiapo cha uaminifu kwake. Walio wengi waliapa. Hata katika Kanisa la Ungamo, lililokuwa limesimama kuipinga mafundisho ya uongo, wengi waliapa baada ya mashaka na mabishano. Kisha likatoka tangazo la wakuu wa chama tawala, kwamba si wao waliokidai kiapo kile, ni jambo la Kanisa lenyewe. Wachungaji walikuwa wametoa kitu ambacho hata Herode hakukiomba. Walifanya hivyo kwa sababu ya wale walioketi pamoja nao.

Vita vikaja, toka mwaka 1939 hata 1945. Karatasi tupu ile ikaandikwa. Jeshi liliamriwa kuwaua maofisa wa siasa wa Urusi waliotekwa vitani. Mateka wa Kirusi wapata milioni 3 walikufa mikononi mwa Wajerumani, wengi wao kwa njaa. Wayahudi wapata milioni 6 waliuawa, wazee na watoto wachanga, na mahali pengi askari wa jeshi walisaidia, au walilinda barabara, au walitazama wakanyamaza. Walipoulizwa baadaye, wengi walijibu: tuliapa. Ndilo jibu la Herode.

Lakini Mungu hakujiacha bila shahidi. Alikuwako Mkristo mmoja wa Kiinjili, Hermann Stöhr, mtu mwenye elimu aliyefanya kazi ya kupatanisha mataifa. Mwaka 1939 alipoitwa jeshini alijibu kwamba hatachukua silaha, wala hatamwapia Hitler, ila yu tayari kuitumikia nchi yake kwa kazi ya mikono. Alihukumiwa kufa, akakatwa kichwa katika gereza la Plötzensee, Berlin, tarehe 21 Juni 1940. Alikatwa kichwa kama Yohana. Na jambo la kuhuzunisha kupita yote ni hili, kwamba Kanisa lake halikusimama upande wake. Mwaka 1997 mahakama ya Berlin iliitangua hukumu ile. Ilikuwa imepita miaka 57.

Walikuwako tena maofisa wa jeshi walioteswa na kiapo hiki usiku na mchana. Jemadari Ludwig Beck, mkuu wa washauri wa jeshi, alijiuzulu mwaka 1938 kwa sababu aliona kwamba nchi inaongozwa kwenye vita vya maangamizi. Tarehe 20 Julai 1944 yeye na Claus von Stauffenberg na wenzao walijaribu kumwondoa Hitler, wakashindwa. Beck akafa usiku ule, na Stauffenberg akapigwa risasi katika ua wa ofisi ya jeshi, Berlin. Sisemi kwamba kila walilolitenda ni kielelezo kwa Mkristo. Kumwaga damu ni jambo zito, nao walijua hivyo. Lakini walitambua kwamba kiapo kilichotumiwa kuharibu watu hakiwezi kuwa kitakatifu.

Baada ya vita, nchi ikiwa magofu, wajane wa watu wale waliitwa wake za wasaliti. Mwaka 1952 ofisa mmoja wa zamani, Otto Ernst Remer, alishitakiwa katika mahakama ya Braunschweig kwa kuwatukana marehemu hao. Mshitaki wa serikali, Fritz Bauer, aliona kwamba jambo hili haliwezi kuamuliwa na wanasheria peke yao. Akawaomba wanateolojia watoe ushauri wao, nao Hans-Joachim Iwand na Ernst Wolf walikuwa miongoni mwao. Bauer akasema mbele ya mahakama kwamba kiapo cha kumtii mwanadamu bila masharti hakina nguvu. Remer akahukumiwa. Hivyo neno la Ungamo la Augsburg, lililosahauliwa uwanjani mwaka 1934, lilikumbukwa mahakamani.

Miaka mitatu baadaye Ujerumani ya Magharibi ilianza kuunda jeshi jipya. Wengi waliogopa, na haki yao kuogopa. Tarehe 12 Novemba 1955, katika mji wa Bonn, watu 101 wa kwanza walipokea hati zao. Mwaka uliofuata sheria ya askari ikawekwa, na ndani yake mambo matatu yatufaa sisi.

Kwanza, askari haapi kwa jina la mtu ye yote. Huahidi kuitumikia nchi kwa uaminifu, na kulinda kwa ushujaa haki na uhuru wa watu wake. Pili, maneno ya kuomba msaada wa Mungu yamo katika kiapo, lakini asiyetaka kuyasema halazimishwi, maana jina la Mungu halitumiwi kama pingu. Tatu, mpaka umeandikwa. Askari halazimiki kutii amri inayovunja utu wa mwanadamu, na amri ya kutenda uhalifu amekatazwa kuitii. Tena katiba ya nchi ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtu asilazimishwe kuchukua silaha vitani kinyume cha dhamiri yake. Na mkataba wa mwaka 1957 kati ya serikali na Kanisa la Kiinjili uliweka kwamba mchungaji wa askari hana cheo cha kijeshi, ili aseme Neno la Mungu bila kuamriwa.

Sheria hizo ni njema. Lakini msidhani, ndugu, kwamba sheria yaweza kumpa mtu moyo wa kusimama. Imeandikwa katika vitabu. Nani ataitenda siku ile atakapoagizwa? Hapa Injili yatupasa kusema.

Neno sakramenti, ambalo Kanisa lalitumia kwa Ubatizo na Meza ya Bwana, lilikuwa zamani neno la askari wa Rumi. Ndilo lililokuwa jina la kiapo chao kwa jemadari wao. Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walianza kulitumia zamani sana kwa habari za imani. Walijua kwamba Ubatizo umewatia chini ya Bwana. Lakini iko tofauti kubwa. Katika kiapo cha Rumi, askari huapa na jemadari hupokea. Katika Ubatizo, Jemadari mwenyewe ameapa kwanza. Waebrania 6:13–18 yaeleza kwamba Mungu, kwa kuwa hapana aliye mkubwa kuliko yeye wa kumwapia, alijiapia mwenyewe, ili tuwe na faraja iliyo imara. Nasi tungali wachanga, hatujui kuinua mkono, yeye alitutaja kwa jina akasema kwamba tu watu wake.

Basi kijana wetu ajapo kiwanjani kuapa, haji kama mtu asiye na bwana. Yuko chini ya kiapo tayari. Kiapo cha pili chaweza kuingia chini ya kile cha kwanza na kukaa humo kwa amani, kama mwana anavyomtii kaka yake mkubwa katika nyumba ya baba. Lakini kikitaka kupanda juu yake, hakina nafasi.

Waalimu, mwambieni hivi. Aape kwa moyo safi kuitumikia nchi, maana ni kazi ya heshima kuwalinda wanyonge. Asikie maneno anayoyasema, asiyafuate kwa midomo tu. Atii amri njema kuliko askari wote, asiwe mvivu wala mlevi, asimnyang'anye mtu kitu, atosheke na mshahara wake. Na akiagizwa kumdhulumu asiye na hatia, akumbuke ni nani aliyemwita kwa jina kwanza; aseme hapana kwa adabu, akubali yatakayompata.

Na sisi tunaobaki nyumbani tuna kazi yetu. Hermann Stöhr alikufa peke yake. Kijana wetu akija siku moja, amefukuzwa kazi au amefungwa kwa sababu hakutaka kutenda uovu, je, usharika utamfungulia mlango? Au tutasema kwamba ametutia aibu mbele ya wakubwa? Wazee wa kanisa na wafikiri neno hili kabla ya siku ile kuja. Wageni waliokaa kimya karamuni walimsaidia Herode kuua. Angalisimama mmoja tu na kusema, Ee mfalme, kiapo hiki si cha haki, labda Yohana angalipona.

Mwisho, nasema na yule ambaye amekwisha kutii alipopaswa kukataa. Labda ulikuwa askari, labda mlinzi, labda karani aliyeandika alichoagizwa. Jambo lile lakurudia usiku. Sikia: Petro naye aliapa. Katika ua wa kuhani mkuu aliapa kwamba hamjui mtu huyu, na jogoo akawika. Hakusema, nimekwisha kuapa, sina budi kuendelea. Alitoka nje akalia kwa uchungu. Na Bwana aliyefufuka alimtafuta kando ya bahari, akamwuliza kama anampenda, akamrudishia kazi yake. Herode alishika kiapo chake akapotea. Petro alikivunja kiapo chake kiovu kwa machozi, akaokolewa. Mlango ule ungali wazi. Njoo kwa mchungaji wako, ungama, upokee ondoleo la dhambi.

Bwana atujalie vinywa visivyoapa ovyo, na mioyo iliyo imara kwa yeye aliyetuapia kwanza. Amin.